Jina la pili kwenye karatasi ya mkataba: maisha ya baba yetu kutoka Buha hadi mashamba ya mkonge ya Tanga

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu salaam. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo anayesoma akiwa safarini auhifadhi hadi atakapotulia.

Baba yetu alifariki mwaka 2009, akazikwa nje kidogo ya mji wa Korogwe, katika makaburi ambayo wazee wengi waliolala humo walikuja Tanga kukata mkonge. Baada ya arobaini tulikaa kikao cha ukoo, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo ilitaka kuuona muhtasari wa kikao hicho kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Wajomba walikuwepo, mama wadogo walikuwepo, na majirani wawili waliofanya kazi na marehemu. Mzee aliyeongoza kikao, ambaye ni kaka wa mama yetu, aliandika majina ya upande wa mke, akapiga mstari, akaandika "Upande wa mume", kisha akainua kalamu na kututazama. Hapakuwa na mtu. Tulikuwa watoto sita wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka sabini, na hatukuweza kumtaja hata ndugu yake mmoja wa tumbo moja. Mjomba akayaandika majina yetu sisi watoto ili ukurasa usibaki mtupu, mahakama ikaridhika, na mirathi ikagawanywa, nayo haikuwa kubwa: nyumba, shamba la mihogo la ekari mbili, na baiskeli. Mahakama iliridhika, lakini mimi sikuridhika.

Tuliyoyajua kuhusu asili yake yalikuwa machache. Tulijua ni mtu wa bara aliyekuja Tanga akiwa kijana. Baadhi ya majirani walimwita Muha, yaani mtu wa Buha kule Kigoma, wengine walimwita Mrundi, na mjomba wangu mmoja alishikilia kwamba ni mtu wa Handeni kwa sababu yeye mwenyewe alimsikia baba akisimulia namna alivyoletwa kwa lori kutoka upande huo. Shuleni sisi tuliitwa wana wa manamba, na wala hatukuona kuwa ni tusi, kwani nusu ya darasa walikuwa wana wa manamba. Tulijua pia kwamba jina lake la pili ni Bukuru, na kwa kuwa katika karatasi zote jina la pili ni jina la baba mzazi, tuliamini kwamba Bukuru ndiye babu yetu. Baba alisilimu alipomwoa mama mwaka 1960, akapewa jina jipya la kwanza, lakini la pili hakulibadilisha. Kila mwaka, Ramadhani ilipokaribia, tulisoma hitima ya wazee waliotangulia, na miongoni mwao alitajwa "babu yetu Bukuru". Baba alikaa pembeni, ameinamisha kichwa, akaitikia amina pamoja na wengine.

Kwa wasioijua historia ya mkonge, naomba nieleze kidogo, maana bila hiyo maisha ya baba hayaeleweki. Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na baada ya safari ndefu kupitia Hamburg ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 mashamba yalienea Tanga, Muheza na Korogwe hadi Morogoro na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Mmea huo ulihitaji mikono mingi. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine, hivyo mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ikawatafuta vijana mbali: Njombe, Songea, Kigoma na kwingine ambako kodi ya kichwa ilidaiwa lakini kazi ya mshahara haikuwepo. Aliyekubali aliandikwa, akapewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa neno manamba.

Kuhusu kazi yenyewe baba alizungumza bila kinyongo, tena kwa ufundi wa mtu anayeijua. Alitueleza kwamba mkataji huanza kwa majani ya chini, hukata mwiba wa ncha kwanza ili asijitoboe jicho, kisha hufunga majani 30 kwa kila tita, na matita hayo hupangwa kando ya njia yakisubiri kupelekwa korona, ambako mashine huyakamua majani hadi zibaki singa, yaani nyuzi. Utomvu wake huwasha. Mikono ya baba, kuanzia kiwiko hadi vidole, ilikuwa na makovu madogo meupe mengi kama mtu aliyemwagikiwa mchele, na mama alikuwa na desturi ya kutuonyesha mikono hiyo pale tulipokataa kwenda shule. Malipo yalihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku haikuwekewa alama mpaka kazi ya siku hiyo ikamilike. Kwa hiyo mtu aliweza kukaa shambani wiki sita au saba na bado kipande chake kikawa hakijajaa.

Haya yote aliyasimulia. Mambo ya kabla ya lori hakuyasimulia kamwe. Tulipomwuliza kuhusu kwao alijibu, "Kwetu ni mbali," na jibu hilo lilitolewa kwa namna ambayo mtoto mwenye adabu asingeuliza mara ya pili.

Miezi kadhaa baada ya kikao, dada yetu mkubwa alileta kopo la biskuti ambalo mama alilihifadhi chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na kadi ya TANU, kadi ya CCM, kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanzishwa mwaka 1964, vipande vitatu vilivyojaa, na karatasi moja ya mkataba iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikawa mashimo. Kadi zote zilikuwa na jina lake la Kiislamu pamoja na Bukuru. Karatasi ya mkataba, ambayo ni ya zamani kuliko zote, haikuwa na jina la Kiislamu. Iliandikwa: Butoyi Bukuru, wilaya ya Kasulu, na chini yake jina la kilima ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia.

Mjomba wa Handeni hakukubali kushindwa na karatasi. Aliuliza: kama mtu ametoka Kasulu, ambako kuna reli hadi karibu na kwao, kwa nini aletwe kwa lori kutoka Handeni? Swali lake lilikuwa la haki, na lilinisumbua hadi nilipokutana na mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alicheka. Alinikumbusha kwamba reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na reli ya Tanga zilikuwa reli mbili zisizokutana hadi mwaka 1963, kilipofunguliwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi. Kabla ya hapo, abiria wa kutoka Kigoma aliyekwenda Korogwe aliiacha treni njiani akamalizia safari kwa barabara. Ndipo nikakumbuka kwamba baba aliwahi kutaja kulala Morogoro. Aliteremshwa huko, akapakiwa kwenye lori lililopita Handeni, na lori ndilo lililokaa katika masimulizi kwa sababu ndilo lililomfikisha. Mjomba, Mungu amrehemu, alisikiliza maelezo hayo yote, akasema tu, "Basi na aliyemleta Handeni ni nani?" Sikumjibu.

Kukitafuta kile kilima kulikuwa kugumu zaidi. Hakimo katika orodha ya vijiji wala ya kata. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kimefutwa mara mbili: mwaka 1963 utawala wa machifu ulipoondolewa nchini, maeneo ya mamwami, yaani machifu wa Buha, na watwale waliokuwa chini yao yakapoteza majina ya kiserikali, na mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu waliokuwa wamesambaa vilimani wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Barua ambayo ingetumwa kwa anwani ya baba baada ya hapo isingekuwa na mahali pa kufikia.

Mwezi Julai 2011 nilipanda treni Morogoro. Tabora tulisimama muda mrefu. Uvinza, penye chumvi, nilinunua mfuko mdogo bila sababu ya maana. Kutoka Kigoma mjini nilipita Mwandiga nikapanda hadi Kasulu, ambako baridi ya asubuhi ilinishangaza mtu wa pwani. Nilikuwa na nakala ya ile karatasi. Sikuanza na ofisi za serikali. Nilianza na wazee waliokaa nje ya soko, na mzee wa kwanza niliyemsomea majina yale mawili hakuniuliza habari ya kilima. Aliniuliza, "Na huyo mwingine yuko wapi?"

Sikuelewa. Akaeleza kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba Bukuru ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, na Butoyi ni jina la pacha anayefuata. Inawezekana, alisema, Butoyi akawa na baba aitwaye Bukuru, maana mapacha nao huzaa. Lakini yeye alikuwa tayari kuweka dau kwamba majina yale mawili yalitoka tumbo moja.

Nilikaa kwenye benchi lile muda mrefu. Nilikuwa nimetoka Tanga nikiamini kwamba ninakwenda kutafuta kaburi la babu.

Siku nne baadaye, kwa msaada wa katekista aliyekubali kufungua madaftari ya zamani ya ubatizo ya parokia moja, tulimpata Bukuru: alibatizwa akiwa mtu mzima, na pembeni ya jina lake lilikuwepo jina la baba yake, ambalo ndilo jina la babu yetu halisi. Bukuru alikuwa amefariki mwaka 2006. Alikufa Mkatoliki, mkulima wa maharage na migomba, baba wa watoto saba. Kwa hiyo katika miaka yote ile ya utoto wangu ambayo tulimsomea hitima, babu yetu Bukuru hakuwa babu yetu, na alikuwa mzima.

Dada yao alikuwa hai. Alizaliwa baada ya mapacha, na jina lake, Chiza, linasema hivyo hivyo. Nilipoingia uani kwake alikuwa anapepeta maharage. Katekista alimweleza kwa Kiha mimi ni nani. Aliweka ungo chini, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwanza kabla ya kunitazama usoni. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Nilikaa kwake majuma mawili, na haya ndiyo aliyonisimulia, nikiyaandika kila jioni.

Waajiri walipokuja, mapacha wote wawili walitaka kwenda. Baba yao alikataa kuwapoteza wote kwa siku moja, akaamua kwamba aende mmoja, afanye mkataba, arudi na mahari, kisha aende mwingine. Butoyi ndiye aliyekuwa na mwili wa kupita kwenye vipimo, kwa sababu Bukuru aliumwa mguu mwaka huo. Aliondoka. Baada ya mwaka na miezi, kijana mmoja wa kilima cha jirani alirudi kutoka Tanga, na habari zikaja kupitia kwa wengine kwamba Butoyi alimkabidhi fedha za mahari ya kaka yake. Yule kijana alikana kwamba alipewa chochote. Bukuru alimwamini jirani, akatuma maneno makali Tanga kwa mdomo wa mtu mwingine. Hakuna jibu lililorudi. Miaka iliyofuata walisikia kwamba Butoyi ameoa, kisha kwamba amesilimu, kisha kwamba ana watoto. Walijua tuliko kwa kadiri hiyo. Nilipomwuliza shangazi kwa nini hakuna aliyetufuata, alisema Bukuru alikuwa akisubiri aombwe radhi, na kwamba pacha ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili vigumu.

Je, fedha zilitumwa? Sijui, na kwa hali ilivyo sitajua. Anayesemekana kuzipokea amekufa, simtaji, na wajukuu wake ndio walionipa malazi usiku wa kwanza.

Jambo moja naliona waziwazi, nalo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Jina Bukuru liliingia kwenye karatasi ya mkataba siku ya kuondoka, karani alipouliza jina la pili, na siku hiyo ndugu walikuwa wanapendana. Pengine alikuwa anawaandikisha wote wawili, kwa kuwa mmoja amekataliwa. Hilo ni rahisi kulielewa. Lakini mwaka 1960 aliposilimu alikuwa na nafasi ya kuliacha, na ugomvi ulikuwa umeshatokea. Mwaka 1964 alipoandikishwa NPF angeweza kuandika jina la baba yake mzazi. Aliponipeleka darasa la kwanza, mwalimu alimwuliza jina la mtoto, jina la baba na jina la babu, nami nilikuwa nimesimama pale. Alijibu Bukuru bila kusita. Mtu aliyekaa kimya kwa nduguye zaidi ya miaka hamsini alitupa sote sita jina la nduguye tulibebe.

Mchangiaji kutoka Muheza:

Shikamoo kaka. Nimesoma hadi mwisho huku chai ikipoa. Marehemu baba yangu alikuwa Mbena wa Njombe, naye alifika kwa mkataba. Sisi bahati yetu ni kwamba alirudi kwao mara mbili na alitupeleka, ingawa kule tulionekana Waswahili na huku tunaonekana watu wa bara. Naomba kuuliza: mashamba hayana madaftari ya wafanyakazi wa zamani? Na mwaka wa kuzaliwa wa mzee mliupataje? Wa kwetu una miaka mitatu tofauti katika kadi tatu.

Mwandishi wa uzi:

Marahaba dada yangu, na pole kwa chai.

Kuhusu madaftari, shamba la baba ni miongoni mwa yale yaliyotaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, kisha likabadilisha mikono tena miaka ya baadaye, na nilipofika ofisini nilionyeshwa chumba chenye mchwa na rafu tupu. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya idara ya kazi ya enzi ya Waingereza, nayo ni muhimu kwa kuelewa waajiri walivyofanya kazi, posho ilivyogawiwa na malalamiko yaliyopelekwa. Mimi nisingekushauri uende huko ukitarajia jina la mtu mmoja. Anza na chini ya kitanda cha mama.

Kuhusu mwaka, kadi ya NPF ya baba inasema 1938, kadi ya mpiga kura inasema 1930, na kitabu cha kliniki kinasema 1935. Ile ya 1938 niliishuku mapema, kwa sababu mwajiri alipendelea vijana, na mtu aliyeogopa kupunguzwa kazini alikuwa na kila sababu ya kujipunguzia umri. Shangazi alinipa kipimo kizuri zaidi. Katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakiepushwa na mbung'o, na mama yao alizoea kusimulia kwamba alihama akiwa na mapacha, mmoja mgongoni mwake na mmoja mgongoni mwa mama yake mdogo, na kwamba shangazi alizaliwa makazi mapya. Kwa hiyo nimeandika "kati ya 1932 na 1935", na sijaona haja ya kulazimisha mwaka mmoja. Nakushauri umwulize mzee yeyote aliyebaki kwenu tukio gani lilitokea mtoto akiwa mgongoni na lipi akiwa anachunga. Majibu hayo huaminika kuliko kadi.

Mchangiaji kutoka Bujumbura:

Ndugu yangu, hapa kwetu Burundi habari yako imesomwa kwa sauti mezani. Yule mzee wa sokoni alisema kweli. Kwetu pia Bukuru na Butoyi ni mapacha, na anayewafuata ni Ciza. Tuna majina mengine ya namna hiyo, kama Nyandwi kwa mtoto wa saba na Minani kwa wa nane. Ungeandika jina la baba yako hapa miaka hiyo, ungeokoa nauli.

Mchangiaji kutoka Shinyanga:

Kwetu Usukumani ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Mimi ni Shija. Wanangu hawajawahi kuniuliza Kulwa na Doto wako wapi, na leo jioni nitawaambia bila kuulizwa.

Mchangiaji kutoka Tanga mjini:

Mkuu, naomba niseme tofauti kidogo na wenzangu, na usinichukulie vibaya. Mzee alinyamaza kwa hiari yake zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa na akili timamu na ulimi. Kama angetaka mjue, angewaambia. Mtu akizikwa, na jambo alilolificha lizikwe naye. Wewe umelitoa, umelipeleka Kasulu, umelirudisha, na sasa umelileta mbele ya watu wasiomjua. Ni haki hiyo?

Mwandishi wa uzi:

Sikuchukulii vibaya, ndugu yangu, kwa sababu swali lako ndilo mdogo wangu wa mwisho aliloniuliza, na kwa mwaka mzima hatukuzungumza vizuri.

Nina majibu mawili, na la kwanza ni dhaifu. Nilimwomba shangazi ruhusa kabla ya kuandika, akanipa, kwa sharti kwamba jina la baba yao na la yule jirani nisiyaweke hadharani. Ndiyo sababu umeona nimeyaruka. Lakini najua ruhusa ya shangazi si ruhusa ya baba.

La pili ni kwamba siamini alinyamaza kabisa. Karatasi ile angeweza kuichoma. Alihama nyumba mara tatu kambini kabla ya kujenga kwake, mafuriko yaliingia mara moja, na kopo lile lilihamishwa kila mara. Mama alituambia kuwa mwaka wa mwisho wa baba, macho yalipofifia, baba alimwomba alitoe kopo, akaipapasa karatasi, akaomba lirudishwe. Mama hakumwuliza kitu, kwa sababu naye aliishi naye miaka arobaini na tisa kwa adabu ile ile ya kutouliza. Pengine nimekosea kuisoma karatasi hiyo kama maneno aliyotuachia. Mdogo wangu bado anasema nimekosea.

Kuna sehemu ambayo wewe na yeye mna haki kabisa. Nilikwenda Kasulu nikiwa na hasira na baba, na niliuliza maswali kwa haraka ya mtu anayetafuta mkosaji. Shangazi alinivumilia siku tatu, kisha akaniambia niache kwanza kuuliza, nimsaidie kuchambua maharage. Mengi niliyoyaandika hapa juu yalitoka wakati wa kuchambua maharage.

Mchangiaji kutoka Muheza:

Kaka, swali la mwisho. Mmebadilisha jina? Maana sasa mnajua babu ni nani. Na mahakamani hamkupata shida?

Mwandishi wa uzi:

Hatukubadilisha. Kisheria ingewezekana, kwa hati ya kiapo na usajili wa jina, lakini fikiria vyeti vya shule, vitambulisho, hati ya kiwanja na vyeti vya ndoa vya watu sita pamoja na watoto wao. Tulikaa tukapiga kura, mimi nikiwa wa kwanza kukataa, na sababu yangu haikuwa vyeti. Mirathi ilikuwa imekwisha, hivyo mahakama hatukuirudia. Nilichofanya ni kuandika upya ule muhtasari wa mwaka 2009 kwa matumizi yetu wenyewe, na chini ya mstari wa mjomba, "Upande wa mume", sasa pana majina kumi na moja. Watoto wa baba mkubwa wametutembelea mara mbili. Kila msimu hututumia dumu la mawese, na nyumbani wanaoyapenda ni mimi na mama tu. Mama alizoea kuyatafuta kwa ajili ya baba, ambaye aliyanunua kwa bei yoyote kila Muha mwenzake alipoyaleta kambini.

Lililotutatiza ni hitima. Baba mkubwa alikufa Mkatoliki, na watoto wake wanamwombea misa. Tulimwuliza sheikhe wetu, mtu mpole, akatuambia kwa upole kwamba jina hilo tuliondoe katika orodha na tuwaachie wenyewe wamwombee kwa dini yao. Tumeliondoa. Nilimpigia shangazi simu kumweleza, nikiwa na wasiwasi kwamba ataona tunamkata ndugu yake kwa mara ya pili. Nilimsimulia tangu mwanzo: kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini, kila Ramadhani ilipokaribia, huku Korogwe kaka yake mzima alisomewa dua za marehemu, na pacha wake amekaa pembeni akiitikia amina.

Alikaa kimya hadi nikadhani salio limekatika. Kisha akacheka sana, akamwita mjukuu wake aje asikie, akaniambia, "Kumbe ndiyo maana alichelewa kufa."